Wifi anasema nikimjibu mume wangu nitamuua kwa presha

Shikamoo Mama,

Nina miaka 43, naishi Morogoro, huu ni mwaka wa 21 wa ndoa yangu na tuna watoto watatu. Mume wangu ana miaka 52, ana duka la vifaa vya ujenzi. Ni mchapakazi, katika hilo sina la kumsema, ila ni mtu wa haraka na hasira tangu namjua. Chakula anakula amesimama. Akipanda daladala anamfundisha dereva njia. Mteja akiuliza bei ya bati mara mbili anaambiwa aende duka la pili.

Mwaka jana mwezi wa nane alibanwa kifua akiwa dukani, jasho likamtoka mpaka shati likaloa. Tukamkimbiza hospitali, akalazwa siku sita. Presha ilikuwa 190 kwa 115. Walimpima umeme wa moyo na damu, wakatuambia amepata mshtuko mdogo wa moyo. Akapewa dawa za presha, za kushusha lehemu (mafuta ya damu) na aspirini, akaambiwa aache sigara na asikose kliniki.

Alikunywa dawa miezi minne, halafu akaacha. Anasema yeye si mgonjwa, ni damu yake tu ndiyo ya moto, hata marehemu baba yake alikuwa vivyo hivyo na alifia dukani akigombana na mdeni. "Tabia haina kidonge," ndivyo anavyosema. Sigara amezirudia, pakiti moja siku mbili.

Kinachonimaliza mimi ni neno la wifi yangu mkubwa. Tulipotoka hospitali aliniita chumbani, akafunga mlango, akaniambia: "Moyo wa kaka yangu uko mkononi mwako. Ukimjibu, ukimkasirisha, akifa tunajua nani kamuua." Tangu siku hiyo nimekuwa bubu ndani ya nyumba yangu. Simwambii ada imebaki. Mtoto wa mwisho amerudishwa nyumbani mara mbili, nikakopa kwenye kikoba kimyakimya. Dawa simuulizi, kwa sababu mara ya mwisho nilipouliza alipiga meza vikombe vikaanguka, nikaona kifua chake kinapanda na kushuka, nikaogopa. Hajawahi kunipiga. Lakini nyumba nzima tunanyata.

Kuna na hili. Binti yetu mkubwa amepata mchumba. Mshenga, mzee wa heshima, alileta barua ya posa siku ambayo baba hayupo, akanikabidhi mimi. Wiki ya sita sasa barua iko kabatini, ndani ya lile birika la wageni. Kijana ni wa kabila lingine na najua mume wangu atakuwa na neno. Nikifikiria kumpa naona kama nitamshuhudia akianguka mbele yangu. Binti ananiuliza kwa macho kila jioni.

Kijana wa jirani amenisomea kwenye simu kwamba wataalamu wamewagawa watu, kuna Aina A wenye haraka na hasira, na hao ndio wanaokufa kwa moyo. Ni kweli, Mama? Kama ni tabia aliyoumbwa nayo, nifanye nini zaidi ya kunyamaza? Na mimi mwenyewe siku hizi kisogo kinaniuma, usingizi sina.

Mama N., Morogoro

*

Marahaba mwanangu. Pole. Pole kwa kuuguza, na pole zaidi kwa neno ulilofungiwa nalo mlango.

Nianze na hilo neno, maana ndilo linalokula usingizi wako. Si kweli. Moyo wa mumeo hauko mkononi mwako. Nimefanya unesi kwenye kliniki ya presha na kisukari miaka 31 mpaka nilipostaafu, na sijui ni wake wangapi nimewaona wamekaa kwenye benchi wakiwa wamebeba mzigo kama wako, kila mmoja akidhani ni wa kwake peke yake.

Wifi yako hakulitunga wazo hilo. Ni la zamani sana. Huko London, miaka zaidi ya 200 iliyopita, alikuwepo daktari maarufu wa upasuaji, John Hunter, mtu wa hasira za karibu, ambaye kila akiudhiwa alibanwa kifua. Inasimuliwa kwamba alikuwa akisema uhai wake uko mikononi mwa mkorofi yeyote atakayeamua kumchokoza. Tarehe 16 Oktoba 1793 alikuwa kwenye kikao cha hospitali yake, akapingwa, akatoka chumbani kwa hasira, akaanguka akafa. Wifi yako angesema, mmeona? Lakini walipompasua walikuta mishipa inayolisha moyo imekakamaa kama mfupa. Maneno ya asubuhi moja hayakakamazi mshipa. Ile ilikuwa kazi ya miaka na miaka, imo mwilini mwake wakati anakula, anacheka, analala. Na Hunter zama zake hakukuwa na kipimo cha presha wala kidonge cha kuishusha. Mumeo amepimwa na dawa amepewa, kazitelekeza.

Sasa hiyo Aina A. Kijana wa jirani hakukudanganya, ila amekusomea nusu ya kwanza ya habari.

Ilianzia San Francisco, Marekani, miaka ya 1950. Madaktari wawili wa moyo, Meyer Friedman na Ray Rosenman, walikuwa na viti vya kusubiria vilivyochakaa, wakaita fundi wa kubadilisha vitambaa. Fundi akashangaa. Viti vimeliwa ukingo wa mbele, kwingine kuzima. Wagonjwa wao walikuwa wakikaa nchani mwa kiti kama watu wanaotaka kuinuka waondoke. Mwanzoni madaktari hawakulitia maanani, wakaja kulikumbuka baadaye. Mwaka 1959 walichapisha maelezo ya mtu waliyemwita wa Aina A: mwenye haraka, mpenda ushindani, mwepesi wa kughadhibika, anayepambana na saa siku nzima. Mtulivu wakamwita Aina B. Halafu mwaka 1960 na 1961 wakaanza kuwafuatilia wanaume 3,154 wa California wa miaka 39 hadi 59 waliokuwa hawana ugonjwa wa moyo. Wakawafuatilia miaka minane na nusu. Waliowaita Aina A waliugua moyo karibu mara mbili ya wenzao. Mwanamke hakuwepo hata mmoja katika hesabu ile, jambo ambalo naomba ulikumbuke, nitalirudia.

Nusu aliyokusomea inaishia hapo. Matokeo hayo yalitoka mwaka 1975 na dunia ikayapokea kwa mikono miwili. Lakini wengine waliporudia kazi ile kwa watu wengine, uhusiano ukawa hauonekani. Mwaka 1988 David Ragland na Richard Brand waliwarudia wanaume wa kundi lile lile la California, wale waliokwisha kuugua moyo na kuvuka saa 24 za kwanza, wakaangalia nani alikufa kwa moyo miaka iliyofuata. Kwa uwiano, wa Aina A walikufa wachache kuliko wa Aina B. Umenisoma vizuri, wachache. Na mumeo yuko upande huo wa waliokwisha kuugua wakavuka. Kwa hiyo anayemwambia kwamba tabia yake imeshamwandikia kifo, hana utafiti wa kusimamia.

Kuna la sigara hapa ambalo linanikera kweli, nalo linaihusu nyumba yako. Mwaka 2012 watafiti walichapisha waliyoyakuta kwenye nyaraka za ndani za kampuni za tumbaku. Kampuni ya Philip Morris ilikuwa ikitoa fedha kuwezesha utafiti wa Aina A. Faida yao ilikuwa wazi. Moyo ukisemwa unaharibiwa na tabia ya mtu, sigara inakaa pembeni, na hata mahakamani wakili anapata la kusema: huyu hakuuawa na sigara, aliuawa na pupa zake. Mumeo anaposema "ni damu yangu ya moto" huku ameshika sigara, anasema maneno ambayo muuza sigara angeyalipia. Mwambie hivyo ukipata nafasi. Mfanyabiashara huwa hapendi kugundua kwamba amefanyiwa biashara.

Mimi sisemi hasira haina kitu. Ina kitu. Katika ile tabia ya Aina A, waliopembua sehemu moja moja walikuta kuharakisha na kupenda kazi si mwiba. Mwiba uko kwenye chuki ya kudumu, ile ya mtu kuamka anaamini kila anayekutana naye anataka kumwibia au kumdharau. Na hasira kali ya ghafla nayo ina hatari yake. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 1995, uliowahoji zaidi ya wagonjwa 1,600 wa mshtuko wa moyo, ulionyesha kwamba ndani ya saa mbili baada ya mtu kughadhibika sana, hatari ya mshtuko hupanda zaidi ya mara mbili. Sababu yake tunaijua. Mwili unamwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio, presha inaruka, mishipa inajikaza, damu inakuwa nyepesi kuganda. Kama ndani ya mshipa kuna tabaka la mafuta lililojijenga, linaweza kupasuka, damu ikagandia pale, njia ikaziba.

Rudia hilo "kama". Ndilo jibu langu kwako lote. Cheche inahitaji nyasi kavu. Nyasi za mumeo zimekaushwa na presha isiyotibiwa, sigara, lehemu na pengine sukari, na wewe unaambiwa ukazane kuzuia cheche usiku na mchana huku nyasi zinaachwa zirundikane. Mwaka 2004 ulitoka utafiti mkubwa wa nchi 52, Kenya na Msumbiji zikiwemo, watu karibu 30,000, nusu waliopata mshtuko wa moyo na nusu wasiopata. Vitu tisa vilibeba sehemu kubwa mno ya hatari yote, na msongo wa mawazo ni mmoja kati ya hivyo tisa, naukubali. Miongoni mwa vingine ni sigara, lehemu, presha, kisukari, kitambi, ulaji na kutofanya mazoezi. Na kwa Waafrika weusi, presha ndiyo ilijitokeza kwa nguvu kuliko ilivyokuwa kwa wengine.

Nafikiri sisi Waswahili tumetegwa na neno lenyewe. Presha. Tunasema "usinipe presha", "huyu mtoto atanipandisha presha", "nilivyosikia habari ile presha ikashuka". Ugonjwa na usumbufu tumeviweka kwenye neno moja, basi mtu asiyesumbuliwa anajiona hana presha, na mwenye presha anatafuta aliyemsumbua. Lakini presha ya ugonjwa haisikiki. Mtu anatembea na 180 anauza saruji, anacheka na wateja.

Nikupe mfano wa benchini kwangu. Alikuja baba mmoja, fundi, amesubiri foleni tangu saa moja, mtu akampita mbele. Akapiga teke benchi. Nikamfunga mkanda wa kipimo pale pale akiwa anahema, ikasoma 190 kwa 112. Akaniambia, "Unaona nesi, hizi ni hasira zenu, mimi presha sina." Nikamwambia sawa baba, tukae. Nikampeleka chumba cha pili, mgongo umeegemea, miguu yote chini haikupishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo, nikamkataza kuongea. Nikamwacha dakika 20. Niliporudi alikuwa amesinzia kidogo. Nikapima, 172 kwa 104. Nikapumzika dakika mbili nikapima tena, 172 vile vile. Nikachukua karatasi nikamwandikia hesabu: hasira yako ni 18, hiyo umeshaimaliza kwa kusinzia. Hii 172 ni ya nani? Akaitazama ile karatasi muda mrefu. Akaikunja akaitia mfuko wa shati. Mtu mzima presha yake ikikaa 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti, tayari ni ugonjwa. Yule aliondoka na dawa, na nilimpima miaka kumi na moja iliyofuata, akiwa na hasira zile zile na presha ya 130.

Na wiki hiyo hiyo nilikuwa na mwalimu mmoja, mpole, sauti yake huisikii mpaka uiname. Hajawahi kumchapa mtoto. 204 kwa 120. Kama tungekwenda kwa tabia, tungempita.

Kwa hiyo mumeo akikwambia tabia haina kidonge, mjibu kwamba hakuna aliyempa kidonge cha tabia. Alipewa cha presha, cha lehemu na cha kuzuia damu isigande, na vyote hivyo havimuulizi mtu kama ni mpole. Hata habari ya marehemu baba mkwe wako niitazame tofauti. Alifia dukani akigombana na mdeni, Mungu amrehemu. Lakini je, kuna siku aliwahi kupimwa? Mtoto hurithi mwelekeo wa presha na lehemu, na hurithi pia meza ya nyumbani, chumvi yake na pakiti ya sigara. Familia imekumbuka ule ugomvi kwa sababu ndio ulioonekana. Mshipa haukuonekana.

Tabia nayo haijafungwa kwa kufuli. Friedman mwenyewe alijitaja kuwa wa Aina A, akaugua moyo, akajirekebisha, na alifariki mwaka 2001 akiwa na miaka 90. Wagonjwa wake aliwapa mazoezi ambayo hata Morogoro yanawezekana. Aliwaambia wakifika dukani wachague foleni ndefu kuliko zote wasimame humo. Barabarani waendeshe upande wa magari ya polepole. Yeye na wenzake waliwachukua watu zaidi ya 1,000 waliokuwa wamepata mshtuko wa moyo. Wengine wakapewa ushauri wa kawaida wa moyo, wengine wakaongezewa mafunzo ya kupunguza haraka na uhasama. Baada ya miaka minne na nusu, waliopata mshtuko mwingine katika waliofundishwa walikuwa takriban asilimia 13, na katika wale wa ushauri wa kawaida takriban asilimia 21. Ila kazi ile walifanyiwa wagonjwa wenyewe, katika vikao vyao. Wake zao hawakuambiwa wanyamaze ili waume wapone.

Na hapo nakuja kwako, mwanangu, maana katika barua yako yote umejitaja kwa mstari mmoja wa mwisho, kama mtu anayeomba radhi. Kisogo kinauma, usingizi huna. Nilikwambia ule utafiti wa California haukuwa na mwanamke hata mmoja. Mpaka leo watu wakisema ugonjwa wa moyo wanamwona mwanamume mwenye kitambi anayefoka, na mama anayenyamaza hapimwi. Kuna mtaalamu wa saikolojia, Johan Denollet, aliyeleta Aina D, mtu mwenye huzuni na wasiwasi mwingi ambaye haya yote anayameza hayasemi. Tafiti zake za kwanza zilionyesha kundi hilo liko hatarini sana. Zilizofuata, kubwa zaidi, hazikuona hivyo, basi nisikutie hofu na herufi nyingine. Lakini sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, kwa mtu mwenye ugonjwa wa moyo imeonekana mara nyingi kuongeza vifo, hilo halina ubishi mkubwa, na kukosa usingizi miezi kadhaa si jambo la kupita tu. Una miaka 43. Lini umepimwa presha mara ya mwisho? Maumivu ya kisogo yana sababu nyingi, mimi kutoka hapa siwezi kuyapa jina. Kapime.

Sasa tufanye nini.

Dawa kwanza. Usimpe zile zilizobaki kwenye droo, wala asianze mwenyewe kwa kubahatisha. Arudi kliniki na pakiti zote alizonazo, hata tupu, aseme ukweli kwamba aliacha na aliacha lini. Asiogope kufokewa. Na kama aliziacha kwa sababu ambayo hakukwambia, miguu kuvimba, kikohozi, nguvu za kiume kupungua, dawa za presha ziko za aina nyingi na daktari anaweza kumbadilishia. Wanaume wengi waliniachia dawa kwa hilo la mwisho na wakalificha chini ya maneno kama "mimi siumwi". Namna ya kumwambia: usimuulize "umekunywa dawa?" Hilo kwa mtu kama yeye linasikika kama hesabu ya polisi. Mwambie, "Nakwenda kupima presha yangu Alhamisi, kisogo kinaniuma, naomba unisindikize." Huo si uongo, ni kweli tupu. Mtu wa haraka akipewa kazi ya kumlinda mwingine huwa anakwenda.

Sigara. Mwambie jambo moja tu la kumpa tamaa, mambo ya kutisha ameshayasikia. Mtu akiacha, baada ya mwaka mmoja hatari yake ya ugonjwa wa moyo inashuka mpaka karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Sijui kidonge kinachofanya hivyo kwa bei ya bure.

Chumvi ya mezani iondoke mezani. Hilo liko ndani ya uwezo wako na halihitaji kikao.

Na dalili mzijue nyumba nzima, pamoja na watoto: kifua kubana kama kimekaliwa, maumivu kwenda mkono wa kushoto, taya au mgongo, jasho la baridi, kichefuchefu, pumzi kukata. Kwa mwanamke wakati mwingine huja kama uchovu usioelezeka na kichefuchefu tu. Likitokea, hospitali saa hiyo hiyo, iwe usiku wa manane. Msimpe maziwa wala maji ya chumvi, msisubiri kupambazuke, na asiendeshe mwenyewe. Weka pembeni fedha ya gari na namba ya dereva mmoja wa kuaminika.

Wifi yako mwite, au mwendee, na umpeleke naye kliniki siku moja. Nasema hivyo kwa wema. Amempoteza baba, anaogopa kumpoteza kaka, na hofu yake ameiangusha kwako kwa sababu ulikuwa karibu. Mwambie: "Wifi, mimi sitagombana naye, ila sitanyamaza tena kuhusu dawa. Wewe ni dada yake mkubwa, anakusikiliza. Nisaidie arudi kliniki." Mpe kazi yenye kichwa na miguu. Anaweza kukataa. Lakini utakuwa umemrudishia kilicho chake. Na yeye pia ni mtoto wa yule yule baba, naye apime.

Ulisema hajawahi kukupiga. Nakuamini. Siku mkono ukiinuka, hayo si mambo ya moyo wala presha tena, na usiyabebe kwa jina la ugonjwa. Kituo cha polisi chenye dawati la jinsia na watoto ndiko pa kwenda, na mtu mzima wa upande wenu ajue siku hiyo hiyo.

Imebaki barua ya posa. Wiki sita ndani ya birika ni nyingi, mwanangu. Mshenga ni mtu mzima na kimya nacho ni jibu, atakipeleka kwa wenzake kama kilivyo. Anza na kliniki, Alhamisi. Akisharudi kwenye dawa na presha ikaanza kutulia, jambo ambalo huchukua wiki chache, muulize daktari mbele yake mwenyewe kama kuna mazungumzo anayopaswa kukingwa nayo. Nimesikia madaktari wakijibu swali hilo mara nyingi, na sijamsikia anayesema mgonjwa afichwe mambo ya watoto wake. Wakati huo huo mpelekee mshenga ujumbe wa heshima, kwamba barua imefika, mzee wa nyumba alikuwa anauguzwa, wanaombwa subira ya mwezi.

Halafu umpe. Asubuhi, akishakunywa chai na vidonge, siku ambayo duka linafunguliwa na mtu mwingine. Awepo kaka yake au mzee anayemheshimu. Usiilainishe wala usiombe radhi kwa niaba ya kijana, iweke mezani tu useme imeletwa na nani. Atafoka, nadhani. Kwa maelezo yako huyu ni mtu wa kufoka kwanza na kufikiri baadaye, na kabila la kijana atalitaja. Mwache afoke amalize. Wewe kaa, mgongo umeegemea, miguu yote chini. Ukiona mapigo ya moyo wako yanakwenda mbio, pumua polepole uhesabu, maana hapo moyo utakaokuwa unaulinda ni wako, na huo kweli uko mkononi mwako.

Niandikie baada ya Alhamisi. Niandikie namba mbili, ya kwake na ya kwako.